Ndege Ilipunguzwa, Hewa Haikupunguzwa

Nimepata kumsikia mtu mwenye elimu na umri, alipooneshwa picha ya Spitfire, ile ndege mashuhuri ya vita, iliyoundwa upya kwa umbo dogo na ikaruka, akisema kwamba hicho ni kichezeo tu, na kwamba ulimwengu ulioweza kuunda kubwa hauwezi kushindwa na ndogo. Kauli hiyo ilinikera zaidi kwa kuwa msemaji ni mtu wa pwani, ambaye utotoni, kama mimi, alichonga vingalawa vya kushindanisha ufukoni. Naye alipaswa kukumbuka kwamba kingalawa kilichochongwa kwa kufuata sawasawa vipimo vya ngalawa ya mvuvi hupinduka kwa upepo wa kwanza, wala hakisimami mpaka matengo yake yatolewe nje kupita kiasi, kwa sababu mchongaji amepunguza mti na tanga, lakini upepo hakuupunguza.

Ndivyo ilivyo katika ndege. Mwingereza John Isaacs, mwalimu wa shule aliyepata kufanya kazi katika kampuni ya Supermarine iliyoiunda Spitfire ya asili, alijenga kwa mbao Spitfire ya sehemu 6 katika 10 za urefu wake, yenye nafasi ya mtu mmoja ndani, nayo ikapaa kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1975. Sasa tazama hisabati inavyomchezea fundi: urefu ukibaki 6 katika 10, eneo la mabawa hubaki 36 katika 100, na ujazo, ambao uzito huufuata, hubaki 216 katika 1,000. Mabawa ya asili yalikuwa na meta za mraba 22 na nusu, ya Isaacs yana 8. Uzito nao, uliozidi kilo 2,600, ukashuka hata karibu kilo 500. Lakini rubani hapunguziki. Mtu wa kilo 80, kama angefuata kanuni ileile, ingempasa awe na kilo 17 na kimo cha meta moja, yaani awe mtoto wa miaka minne. Na kwa kuwa watoto wa miaka minne hawakabidhiwi usukani, fundi hana budi kumpakia mtu mzima ndani ya chombo kilichohesabiwa kwa mtoto, na kuitafutia kila ratili aliyoiongeza mahali pa kuipunguza.

Walakini rubani ni taabu ndogo, na katika ndege ndogo zaidi, zile zinazoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini, taabu hiyo huondoka kabisa. Taabu kubwa ni hewa yenyewe. Hewa ina mnato, ijapokuwa sisi tunaoivuta hatuuhisi. Na bawa pana liendalo kasi huupuuza mnato huo, ilhali bawa lenye upana wa kiganja hupita ndani yake kwa shida, hata hewa, badala ya kuufuata mgongo wa bawa kwa utii, huuacha mapema, na bawa likakosa nguvu ya kuinua. Bawa la Spitfire, ambalo uzuri wake wote umo katika umbo lake la yai, huzidi kuwa jembamba kadiri linavyoelekea ncha, na kwa hiyo katika ndege ndogo ncha ndiyo ya kwanza kusalimu amri: bawa moja huanguka kabla ya jingine, ndege ikageuka tumbo juu, aghalabu karibu na ardhi, wakati wa kutua, pale ambapo hakuna nafasi ya kutubu.

Wahandisi wa asili waliijua hatari hiyo, wakalipinda bawa kwa siri, shina likitazama juu kwa digrii 2 na ncha ikitazama chini kwa nusu digrii. Fundi wa ndege ndogo huongeza mpindo huo, hunenepesha ncha, na mara nyingi hukuza mkia kidogo kuliko haki yake. Likamate bawa lake, ulisogeze jichoni, utazame kutoka shina hadi ncha: utaliona limejipinda kama ubao uliosahauliwa juani, nawe utadhani seremala alikosea. Kosa hilo ndilo linaloishika ndege angani. Ndege iliyoigwa kwa uaminifu mtupu ni ya kuwekwa kabatini. Irukayo imepotoshwa kwa kipimo na mtu anayejua kwa nini.

Hata jicho hudanganywa. Ndege iliyopunguzwa hata robo, ikiruka kwa mwendo unaolingana nayo, huvuka urefu wake mwenyewe mara 2 upesi kuliko ile kubwa, na ndiyo sababu huonekana kama nzi aliyefadhaika. Wapiga filamu huongeza mwendo wa kamera, ili picha ikioneshwa kwa mwendo wa kawaida ndege ipate utulivu wa ndege kubwa. Na Stuka, ndege za vita za Kijerumani, zinazopiga mbizi katika filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969 zilikuwa ndege za namna hii, zikiongozwa kwa redio.

Wala wenye vita hawakuzidharau. Mwaka 1938 kampuni ya Short, kabla ya kukamilisha Stirling, ndege ya mabomu ya injini 4, ilirusha ndege ya nusu ya vipimo vyake, marubani wakiwa ndani, nayo ikafichua kwamba ndege ingehitaji kukimbia masafa marefu mno kabla ya kupaa. Badala ya kuliunda bawa upya, waliirefusha miguu ili pua iinuke. Na Mei 1939 Stirling ya kwanza kamili ilivunjika miguu ilipotua kutoka safari yake ya kwanza. Ndogo ilisema kweli. Kubwa ikasikia nusu.

Manufaa mengine ni haya: kufundishia hesabu, kupimia maumbo mapya, kupigia filamu, kuzihifadhi ndege ambazo za asili zimekwisha, na furaha.

Katika hayo, la kuhifadhi ndilo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Mwaka 1915 ndege za Waingereza zilizopaa kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga iliyoiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya mto Rufiji. Mzinga mmoja wa manowari hiyo umesimama Ngome ya Yesu, Mombasa, na watalii hupiga picha mbele yake. Lakini kwa ndege zile, miongoni mwao Farman na Caudron, sijapata kuona hata mfano mmoja katika shule yoyote ya pwani.  Nazo Caudron zilikuwa za mbao, waya na kitambaa, vitu ambavyo mtoto wa Kilindoni, huko Mafia, anavyo mkononi. Na kama ameshajua kwa nini kingalawa chake kinataka matengo marefu, basi nusu ya elimu anayo.