Magome ya Muwati na Vidonda vya Moto

Hapa Misikhu mti wa muwati tunaujua kwa kuni na makaa. Lakini ukifuata barabara kuu kutoka Webuye hata Eldoret, utafika mahali ambapo katika karne iliyopita kampuni ya East African Tanning Extract ilikuwa na mashamba makubwa ya miti hii kwa ajili ya magome yake. Magome hayo hutoa tanini, dawa kali ya kutengenezea ngozi za viatu.

Ngozi ya ng'ombe imejaa nyuzi za kolajeni, kila uzi ukiwa nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba. Supu ya miguu ya ng'ombe ikipoa huganda. Kinachoigandisha ni kolajeni iliyoyeyuka. Tanini huzishika nyuzi hizo mahali pengi kwa mara moja, ngozi isioze. (Mchunaji asiyejali kisu chake ajue kwamba uzi uliokatwa hauungwi na dawa yoyote.)

Mambo haya yamefika hospitalini pia. Mwaka 1981 huko Marekani, Daktari John Burke na mtaalamu Ioannis Yannas walitangaza utando uliofanywa kwa kolajeni ya ng'ombe, wa kufunika vidonda vya watu walioungua vibaya. Nyama mpya huota ndani ya utando, kama maharagwe yanavyotambaa juu ya mabua ya mahindi. Serikali ya Marekani iliuruhusu mwaka 1996.

Kolajeni tupu, hata hivyo, ni laini, na mwili huimaliza upesi. Kwa hiyo katika maabara wataalamu huichanganya na polifenoli, yaani jamii ya tanini, kama zile za majani ya chai, ili ipatikane jeli imara inayodumu. Polifenoli hizo husafishwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Basi mtu asichemshe magome nyumbani akamwagia kidonda! Mwaka 1925 Daktari Edward Davidson wa Detroit alianza kutibu majeraha ya moto kwa asidi ya tanini. Dawa hiyo ilienea nchi nyingi, lakini katika miaka ya 1940 iliachwa, kwa kuwa ilidhaniwa kudhuru maini ya wagonjwa.

Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake mafuta, wala unga, wala majani. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile.