Jua la Arrakis Ni Changa Mno

Jioni za Februari, baada ya sala ya isha, mtu akisimama ufukweni Dar es Salaam au Mombasa na kuelekeza macho kusini ataiona nyota nyeupe inayoshinda zote za upande ule. Wanaastronomia huiita Canopus, Waarabu Suhail. Katika anga yote ya usiku ni Sirius peke yake inayoizidi kwa mng'aro. Watu wa Ghuba huingoja ichomoze alfajiri mwishoni mwa Agosti, maana wakishaiona hujua makali ya joto yameanza kuvunjika.

Frank Herbert, mwandishi wa Marekani, aliizungushia nyota hiyo jangwa. Katika riwaya yake Dune, iliyotoka mwaka 1965, sayari kame ya Arrakis ni ya tatu kutoka Canopus. Ni moja tu ya sayari nyingi za dola ya wanadamu iliyotapakaa angani maelfu ya miaka baada yetu, na nyota kadhaa za dola hiyo zipo kweli. Caladan, sayari ya bahari walikotoka akina Atreides, huzunguka Delta Pavonis. Giedi Prime ya mahasimu wao Harkonnen iko kwenye mfumo wa 36 Ophiuchi, na Ecaz ni ya Alpha Centauri B, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 4 na kidogo tu kutoka hapa. Watunzi wengi hubuni majina ya nyota wakaepuka maswali. Herbert alitoa anwani, na mwenye kutoa anwani hukaguliwa.

Jangwa lenyewe linapita ukaguzi. Mwaka 2011 Yutaka Abe na wenzake walionyesha kuwa sayari yenye maji kidogo inaweza kustahimili kuwa karibu zaidi na nyota yake kuliko sayari ya bahari. Sababu ni mvuke. Bahari ikipata joto hutoa mvuke, mvuke hunasa joto zaidi, na mambo huendelea hivyo hadi sayari ikaungua; palipo na maji haba, mzunguko huo haupati nguvu. Miaka 10 baadaye Alexander Farnsworth wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzake waliingiza Arrakis katika programu zilezile zinazotumika kukadiria tabianchi ya Dunia. Walikuta kwamba kwenye tropiki miezi ya joto kali ingefika nyuzi 45 hivi, kiwango ambacho wakazi wa Muscat wanakifahamu. Kinyume na riwaya, inayowaweka watu karibu na ncha, ncha ndizo zingekuwa balaa: kiangazi nyuzi 70, kipupwe nyuzi 75 chini ya sifuri.

Tatizo ni jua lake.

Canopus iko umbali wa miaka ya nuru 310 hivi na hutoa mwanga unaozidi ule wa Jua letu zaidi ya mara 10,000. Ili Arrakis ipate joto kama la Dunia, ingelazimika kukaa mbali mara 100 kuliko sisi tulivyo mbali na Jua, yaani zaidi ya mara tatu ya umbali wa Neptuni. Mwaka mmoja huko ungechukua takriban miaka 350 yetu. Paul Atreides anatua Arrakis akiwa kijana wa miaka 15, anapigana vita, anakuwa mfalme, na kwa hesabu hiyo majira yalikuwa hayajabadilika hata mara moja.

Hilo bado lingesameheka. Umri ndio usiosameheka. Nyota nzito huunguza hidrojeni yake kwa pupa, na Canopus, yenye uzito wa Jua mara nane au tisa, ina umri wa makumi ya mamilioni ya miaka tu na tayari imevimba kuwa jitu. Dunia ina miaka bilioni 4.5, na ilichukua karibu bilioni mbili za mwanzo kabla oksijeni haijaanza kujaa hewani. Arrakis ina hewa ya kuvutwa na minyoo wakubwa kama meli, vyote vimetokea kwa muda ambao hapa kwetu usingetosha hata kupata bakteria. Caladan ndiyo iliyopewa jua la heshima: Delta Pavonis inafanana na Jua letu, imelizidi umri, na iko miaka ya nuru 20 tu kutoka hapa.

Waliotunga Star Trek walilitambua suala hili. Sayari yao Vulcan ilikuwa ikihusishwa na nyota mbili, Epsilon Eridani na 40 Eridani A. Mwaka 1991 Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, aliandika barua katika jarida la Sky & Telescope pamoja na wanaastronomia watatu, wakachagua ya pili. Hoja yao ilikuwa umri: ya kwanza ina miaka bilioni moja hivi, ya pili bilioni nne. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Florida wakatangaza kuona dalili za sayari huko, ikizunguka kwa siku 42, na mashabiki wakasherehekea. Mwaka 2024 kifaa cha kupimia kiitwacho NEID kilichoko Kitt Peak, Arizona, kiliharibu sherehe. Nyota yenyewe hujizungusha kwa siku kama 42, na mitikisiko ya uso wake ndiyo iliyojifanya sayari. Alpha Centauri B, jua la Ecaz, ilikuwa imeshacheza mchezo wa aina hiyo: sayari iliyotangazwa mwaka 2012 ilionekana mwaka 2015 kuwa kivuli cha hesabu.

Kwa hiyo dola ya Herbert haijapata hata sayari moja iliyothibitishwa kwenye anwani hizo. Imepata nafasi jirani zaidi. Tangu mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia umekuwa ukizipa nyanda za Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, majina ya sayari za riwaya zake: Chusuk, Arrakis, Caladan, Giedi. Chaguo hilo ni zuri, kwani chombo cha Cassini kilikuta vilima vya mchanga vimeuzunguka mwezi huo karibu na ikweta, mchanga wa punje za kikaboni kwenye baridi ya nyuzi 180 chini ya sifuri. NASA inaandaa helikopta iitwayo Dragonfly ya kutua kwenye vilima hivyo. Imepangwa kurushwa Julai 2028 na kufika mwaka 2034.