Kuishi karibu na uwanja wa ndege Nairobi: Pima kwa saa, si kwa kilomita

MFANYABIASHARA anayepokea mzigo wa ndege mjini Nairobi hana saa maalumu za kazi. Ndege inaweza kutua saa nane za usiku, wakala wa forodha akapiga simu alfajiri kwamba karatasi moja ina kasoro, na mwenye mzigo akatakiwa kufika ghalani kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kuhesabiwa. Kwa anayesafirisha samaki, maua au mboga, saa mbili za kukwama barabarani zinatosha kumkosesha nafasi kwenye ndege.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wafanyabiashara na wasafirishaji kutoka nchi jirani, waliozoea kulala hoteli za katikati ya jiji kila wanapofuata mzigo, huamua kupanga nyumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, maarufu kwa kifupi JKIA. Uamuzi huo ni mzuri, lakini wengi huufanya kwa kuangalia ramani tu. Ramani inaonyesha kilomita. Haionyeshi foleni, maji, kelele wala hali ya hati ya kiwanja.

Uwanja ulivyokaa

JKIA uko takriban kilomita 18 kusini mashariki ya katikati ya jiji. Ulifunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi, na jina la sasa lilikuja baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta mwaka 1978. Njia kuu ya kuingilia inatoka Barabara ya Mombasa, upande wa kusini magharibi. Upande wa kaskazini kuna mtaa wa Embakasi, ambako pia ipo bandari ya nchi kavu inayopokea makontena yanayoletwa kwa reli kutoka Mombasa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Barabara ya Mombasa ndiyo inayobeba karibu kila kitu: malori ya kutoka Mombasa, malori ya Namanga yanayoingilia Athi River, mabasi ya abiria, wafanyakazi wa viwandani na magari ya uwanja wa ndege. Asubuhi foleni kubwa huwa ya wanaoingia mjini, na jioni ya wanaotoka.

Kutokana na hilo, mtu anayeishi upande wa mjini, kwa mfano South B au South C, akielekea uwanjani asubuhi huwa anakwenda kinyume na foleni. Anayeishi Athi River au Kitengela yuko ndani ya foleni ile ile ya wanaoingia mjini, mpaka atakapokata kona ya uwanja. Nyumba mbili zenye umbali unaokaribiana zinaweza kutofautiana kwa muda mrefu sana, na tofauti hiyo inatokana na upande zilipo.

Barabara ya juu na reli

Tangu mwaka 2022 hali imebadilika kwa wenye uwezo wa kulipa. Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika kwa majaribio Mei mwaka huo na kuzinduliwa rasmi Julai. Ina matoleo ya kuingilia na kutokea Mlolongo, Syokimau na JKIA. Kwa hiyo hata mkazi wa Westlands, aliyekuwa akihesabiwa yuko mbali kabisa, sasa anaweza kufika uwanjani kwa muda unaotabirika.

Hata hivyo barabara hiyo ni ya tozo, na bodaboda haziruhusiwi kupita. Anayekwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi hataona uzito wa tozo. Wakala anayekwenda na kurudi kila siku inampasa aijumlishe kwa mwezi mzima na kuiongeza juu ya kodi ya nyumba kabla ya kusema nyumba fulani ni nafuu.

Kwa upande wa reli, kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012 kwa ajili ya treni za abiria za mjini, na jirani yake ndiko kulikojengwa stesheni kuu ya reli ya kisasa ya kwenda Mombasa, iliyoanza kazi mwaka 2017. Kwa mfanyabiashara mwenye shughuli Mombasa na JKIA pia, hilo ni jambo kubwa. Lakini treni za mjini hazifiki kwenye majengo ya abiria ya uwanja wala hazitembei usiku kucha. Hazimfai mtu wa kupokea mzigo saa nane za usiku.

Mitaa na tabia zake

SOUTH B NA SOUTH C: Ni mitaa ya siku nyingi, yenye shule, misikiti, makanisa, zahanati na maduka karibu. Inamfaa mwenye familia na mwenye shughuli za ofisini mjini. Kodi huwa juu kuliko mitaa ya mbali. South C iko jirani na Uwanja wa Wilson, hivyo kelele za ndege ndogo zipo, na anayeagiza tiketi ahakikishe anajua ndege yake inaruka Wilson au JKIA.

IMARA DAIMA NA EMBAKASI: Ndiyo mitaa ya karibu zaidi. Imara Daima iko kando ya Barabara ya Mombasa na ina kituo cha treni. Embakasi inawafaa mawakala na madereva wenye kazi katika bandari ya nchi kavu. Sehemu kama Pipeline zina maghorofa yaliyobanana, na mpangaji aulize maji hutoka siku gani na gari litalala wapi.

UTAWALA: Iko upande wa Barabara ya Eastern Bypass, ambayo inaanzia Barabara ya Mombasa na kuelekea Ruiru. Nyumba ni mpya na nafasi ipo. Inamfaa anayepeleka mzigo upande wa Thika bila kupita katikati ya jiji. Suala la kelele za ndege huku liangaliwe kwa makini, kama inavyoelezwa hapa chini.

SYOKIMAU NA MLOLONGO: Ziko Kaunti ya Machakos, lakini ni karibu na uwanja kuliko mitaa mingi ya Nairobi yenyewe. Syokimau ina nyumba za familia zenye ua na utulivu. Mlolongo, ambayo jina lake lenyewe lina maana ya foleni, ni mji wa mizani na malori. Msafirishaji atapata mafundi, vipuri na mahali pa kuegesha, ila atafutaye usingizi wa mapema hatafurahi.

ATHI RIVER NA KITENGELA: Ni nafuu zaidi na ziko kwenye njia ya Namanga, mpaka ambao tangu Desemba 2018 una kituo cha pamoja cha huduma za Kenya na Tanzania. Athi River ina viwanda vya saruji, hivyo mwenye watoto wenye matatizo ya kifua achague mtaa kwa kuangalia upepo unavuma kutoka wapi. Kitengela iko Kaunti ya Kajiado. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikata usafiri wa barabara ya Namanga katika eneo hilo baada ya Mto Athi kufurika.

Maji, udongo na kelele

Kuanzia Syokimau hadi Kitengela wakazi wengi hutegemea visima na magari ya maji, na maji ya visima vingi yana chumvi. Udongo ni ule mweusi unaonata. Kiangazi hupasuka, na masika hugeuza barabara ya mtaa kuwa tope. Kilomita mbili za barabara ya ndani zinaweza kumchelewesha mtu kuliko kumi za lami. Anayejenga naye hulazimika kutumia fedha zaidi kwenye msingi.

Kuhusu kelele, JKIA ina njia moja tu ya kurukia na kutua, yenye urefu wa zaidi ya mita 4,000, iliyolala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Kelele kubwa huufuata mstari huo. Upande wa kusini magharibi ndege hupita juu ya Barabara ya Mombasa na mbuga. Upande wa kaskazini mashariki hupita kuelekea maeneo ya jirani na Utawala. Hivyo nyumba iliyo ubavuni mwa uwanja inaweza kuwa tulivu kuliko iliyo mbali zaidi lakini ikawa chini ya mstari. Uwanja hufanya kazi saa 24, kwa hiyo nyumba itazamwe usiku pia. Dalali hupenda kuionyesha mchana.

Kununua ni jambo jingine

Hapa ndipo wengi wamepoteza fedha. Novemba 2011 nyumba za Syokimau, nyingine za kifahari na zenye watu ndani, zilibomolewa kwa maelezo kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya uwanja wa ndege. Wenye nyumba walikuwa na karatasi walizoamini kuwa halali. Oktoba 2023 ubomoaji mwingine ulifanyika Athi River, kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Katika matukio yote mawili familia zilijikuta nje na vyombo vyao.

Kuona jirani amejenga ghorofa si uthibitisho wa hati. Mnunuzi afanye upekuzi rasmi wa hati katika masjala ya ardhi inayohusika. Kwa Nairobi kuna mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021. Aidha, mpimaji aliyesajiliwa aende kwenye kiwanja chenyewe kuthibitisha mipaka. Kwa viwanja vya jirani na uwanja ni busara kuuliza pia Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na kabla ya kujenga kupata kibali cha urefu wa jengo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mgeni ana sharti jingine. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa upangishaji tu, usiozidi miaka 99. Kusajili kampuni hakuondoi sharti hilo, kwa kuwa kampuni huhesabiwa ya raia iwapo tu inamilikiwa yote na raia. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki halikubadilisha hali hiyo, kwani itifaki yake imeacha masuala ya ardhi chini ya sheria za kila nchi.

Utaratibu unaofaa

Kwanza mfanyabiashara aandike safari zake za uwanjani za miezi mitatu iliyopita, na saa za kila safari. Hapo atajua kama yeye ni mtu wa usiku, wa asubuhi au wa mara moja kwa mwezi. Kisha achague mitaa miwili na kuijaribu barabara kwa saa zile zile, siku ya kazi, na ikiwezekana siku ya mvua. Gharama ajumlishe kodi, tozo, mafuta na maji.

Baada ya hapo apange kwa muda, angalau msimu mmoja wa masika upite, kabla ya kufikiria kununua. Kodi ya miezi sita ni fedha ndogo ikilinganishwa na nyumba inayobomolewa.