Je, Wajua? Pistoni, tabo na hewa ya Songea

Je, wajua kwamba uwanja wa ndege wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10? Ndege ndogo ya pistoni isiyo na tabo (turbocharger) hupungukiwa nguvu kwa kiasi hicho kabla haijaiacha lami. Bombardier Q400 za Air Tanzania hazimo kwenye hesabu hii, kwani injini zake hazina pistoni.

Je, wajua kwamba mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita 4,300, kuijaribu tabo? Moshi wa ekzosi ulizungusha feni, feni ikasukuma hewa kwenye silinda, na nguvu iliyokuwa imeibwa na mwinuko ikarudi yote.

Je, wajua kwamba injini ikifungwa tabo, kompresheni yake hushushwa? Cessna 206H ya kawaida hubana hewa zaidi ya mara 8, lakini T206H yenye tabo hubana mara 8 tu. Injini nyingi za Continental zenye tabo hubana mara 7.5.

Sababu ni joto. Kwa hesabu za vitabuni, hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mara 8.5 hufika nyuzi 440 hivi. Tabo ikiwa imeshaipasha hadi 80, itakaribia 560. Hapo petroli huweza kulipuka yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Injini inagonga, na pistoni huweza kutoboka rubani akiwa angani. Ibane mara 7.5, joto hurudi karibu na 520. Nyuzi hizo 40 hivi ndizo uhai wa injini.

Kushusha huko kuna bei: mafuta huongezeka kidogo kwa kazi ileile. Kwa anayeruka juu ya milima ya Mbinga kuelekea Ziwa Nyasa, naona ni bei halali kabisa.

Je, wajua kwamba malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka yana tabo, na bado hubana hewa mara 16 au zaidi? Injini ya dizeli haina plagi. Mafuta hupulizwa ndani hewa ikiwa imeshabanwa, na joto lilelile linaloua injini ya petroli ndilo linaloyawasha.