Barua ya Julai 1962 na maji ya Kagera

Mvua ikinyesha Kamuli, wilayani Kyerwa, maji mengine hunywewa na migomba na mibuni, mengine hukingwa kwa ndoo chini ya bati, na yanayobaki hushuka mabondeni kuufuata Mto Kagera. Kutoka hapo yana safari ndefu: Ziwa Victoria, Jinja, Sudan Kusini, Khartoum, hadi Kairo. Mkulima wa Kyerwa au Karagwe aliyeinamia jembe hana sababu ya kuyafuatilia hivyo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 palikuwa na karatasi iliyosema kwamba asingeweza mtu kujenga bwawa wala mfereji wa kupunguza maji hayo pasipo ridhaa ya Misri. Nchi changa na maskini, isiyo na jeshi la kuogofya wala dola kubwa ya kuiegemea, iliikataa karatasi hiyo bila kumgeuza Misri kuwa adui. Jinsi ilivyofanya ni somo la diplomasia linalostahili kujulikana zaidi, hasa na watu ambao mto wenyewe unapita mpakani mwao.

Karatasi hiyo ilikuwa barua walizoandikiana Uingereza na Misri tarehe 7 Mei 1929. Uingereza ilikubali kwamba katika Sudan na nchi nyingine ilizozitawala, Tanganyika ikiwamo, isingejengwa miundombinu yoyote ya umwagiliaji au umeme juu ya Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, iwapo ingeipunguzia Misri maji, mpaka Misri ikubali kwanza. Mwaka 1934 Uingereza na Ubelgiji zikapatana juu ya maji ya mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi, yaani Kagera yenyewe. Kisha mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana Nile kwa hesabu: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Nchi ambako mvua inanyesha hazikutengewa hata tone. Katika mikataba yote mitatu, wenyeji wa huku hawakuulizwa lolote.

Uhuru ulipokaribia likazuka swali ambalo wanasheria huliita urithi wa mikataba. Mtu akirithi shamba la marehemu, je, anarithi na madeni yake yote? Serikali mpya ikijibu ndiyo, inabeba ahadi alizozitoa mkoloni kwa faida yake mwenyewe. Ikijibu hapana kwa jumla, inapoteza hata mikataba inayoihitaji, kama ile ya posta, usafiri wa anga na biashara. Tarehe 30 Novemba 1961, siku 9 kabla ya bendera kupandishwa, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge njia ya tatu, kisha msimamo huo ukapelekwa Umoja wa Mataifa. Tanganyika ingeiheshimu mikataba ya nchi mbili kwa miaka 2, huku ikiupima mmoja mmoja. Ambao usingefanyiwa mapatano mapya katika muda huo ungekoma, isipokuwa pale ambapo sheria ya kawaida ya kimataifa ingeudumisha. Msimamo huu unafundishwa katika vyuo vya sheria duniani kwa jina la Nyerere, na nchi kadhaa zilizopata uhuru baadaye ziliufuata au ziliurekebisha kidogo.

Mkataba wa Nile haukusubiri miaka 2. Tarehe 4 Julai 1962, taifa likiwa halijatimiza miezi 7 na Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan. Barua ile ina sehemu mbili, na mimi naona ustadi wote umo katika namna zilivyounganishwa. Ya kwanza inasema makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Ya pili inatambua kwamba maji yanayotoka Ziwa Victoria ni muhimu kwa watu wa nchi zote za bonde, na kwamba Tanganyika iko tayari, wakati ukifika, kukaa na serikali zinazohusika ili maji yagawanywe kwa haki. Kwanza inakataa, halafu papo hapo inavuta kiti na kumkaribisha aliyekataliwa. Misri ilijibu Novemba 1963 kwamba kwa upande wake mkataba wa zamani unaendelea mpaka upatikane mwingine. Kila upande ukabaki na neno lake, na urafiki haukuvunjika.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Uswisi haiegemei upande wowote kwa maana ya kutojiunga na vita vya wengine. Sera ya Tanzania ya kutofungamana na upande wowote ilikuwa kitu kingine: kulitazama kila jambo kwa haki yake, bila kumwuliza mkubwa wa Mashariki au Magharibi uamuzi uweje. Haikumaanisha kukaa kimya. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo ulioutegemea ukapotea. Na katika suala la Nile, aliyekuwa upande wa pili alikuwa Misri ya Gamal Abdel Nasser, mwenzao katika kundi lilelile la nchi zisizofungamana na katika ukombozi wa Afrika. Kumkatalia adui si kazi kubwa. Kumkatalia ndugu, kwa maandishi, na kesho yake mkakutana kwenye kikao cha umoja wa Afrika, kunahitaji lugha iliyopimwa neno kwa neno.

  

Majaribio ya kwanza ya kukaa pamoja hayakufika mbali. Shirika la Bonde la Mto Kagera, lililoanzishwa Rusumo Agosti 1977 na Burundi, Rwanda na Tanzania, kisha Uganda ikajiunga mwaka 1981, lilivunjwa 2004 likiwa limetimiza machache. Lililozaa zaidi ni lile la Februari 1999, mawaziri wa maji wa nchi za bonde walipounda Mpango wa Bonde la Nile jijini Dar es Salaam. Kwenye meza hiyo Misri na Sudan zilikaa pamoja na nchi za juu ya mto.

Mazungumzo ya mkataba mpya wa nchi zote za bonde yalikwama kwenye maneno machache ya ibara ya 14(b). Nchi nyingi zilitaka iandikwe kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka isomeke kwamba hakuna nchi itakayoathiri vibaya usalama wa maji pamoja na matumizi na haki zilizopo sasa za nchi nyingine. Tazama lile neno "zilizopo". Lingekubaliwa, zile bilioni 55.5 na 18.5 zingerudi kwa mlango wa nyuma, na barua ya 1962 ingekuwa imefutwa na walewale walioiandika.

Halikukubaliwa. Tarehe 14 Mei 2010 Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba huo Entebbe, na Kenya ikafuata siku chache baadaye. Februari 2011 Burundi, mojawapo ya nchi ndogo kabisa za bonde zima, ikatia saini ya 6. Tanzania iliuridhia mkataba mwaka 2015, na Sudan Kusini ilipoingia 2024 idadi ya nchi 6 zilizohitajika kuuridhia ikatimia. Mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024.

Katika miaka hiyo yote Tanzania haikukaa ikisubiri. Ilivuta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, ingawa Misri ililalamika. Kisha Desemba 2018 ikawapa Wamisri, kampuni za Arab Contractors na Elsewedy Electric, kazi ya kujenga bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye Mto Rufiji, la megawati 2,115. Misri ilikuwa mpinzani katika mto mmoja na fundi katika mto mwingine.

Kagera nayo imeanza kutumika kwa mapatano. Umeme wa Rusumo, megawati 80, unagawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Pale Murongo, wilayani Kyerwa, mtambo wa megawati 14 uliojengwa Kikagati ng'ambo ya mto unagawanywa nusu kwa nusu na Uganda.

Lililobaki ni gumu kuliko yote yaliyotangulia. Misri na Sudan hazimo katika mkataba, na ibara ya 14(b) ilitolewa ndani ya maandishi na kuwekwa kwenye kiambatisho, ili Tume ya Bonde la Mto Nile iimalize ndani ya miezi 6 tangu kuundwa kwake. Tume hiyo ikiketi, mtumiaji mkubwa kuliko wote wa maji haya huenda asiwe mezani, labda apatikane mtu wa kwenda Kairo kumwita. Mwaliko wenyewe uliandikwa zamani, katika sehemu ya pili ya ile barua.