Msitu Ndani ya Kompyuta: Mwanzo wa Kujifunza Kuunda Programu kwa Vitu

Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru nje kidogo ya Arusha, kuna chuo cha misitu, na upo pia msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Anayesoma elimu ya misitu hufundishwa kupima kipenyo cha mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Hufundishwa pia kwamba msitu uliopandwa hugawanywa katika vipande, na kwamba kila kipande kina kumbukumbu zake za upandaji, upogoaji na upunguzaji wa miti. Mambo hayo ni ya misitu, lakini hayako mbali na somo la uundaji wa programu za kompyuta. Anayetaka kompyuta itunze habari za msitu hana budi kujiuliza kwanza: msitu huu umefanyika kwa vitu gani, na kila kitu kinajua nini?

Swali hilo ndilo kiini cha uundaji kwa vitu. Katika njia ya zamani, programu ilikuwa orodha ndefu ya amri, na habari zilikaa mbali na amri hizo. Kanuni ya kukadiria ujazo wa mbao ikibadilika, mwandishi alilazimika kuitafuta kila mahali ilipotumika. Akisahau pamoja tu, hesabu ziliharibika bila mtu kutambua. Katika njia ya vitu, habari na matendo yanayozihusu hukaa pamoja. Kitu kina sifa zake na matendo yake, wala vitu vingine havitii mkono ndani yake: hukiuliza, nacho hujibu. Vitu vya namna moja huelezwa kwa jamii moja. Vipande vyote vya msitu vina eneo na historia tofauti, lakini vyote ni vya jamii ya Kipande.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Kitenzi "anguka" ni kimoja, lakini mti unaanguka, kiti kinaanguka, jiwe linaanguka. Kila nomino huleta kiambishi chake kwa mujibu wa ngeli yake, na hakuna anayetunga kitenzi kipya. Vivyo hivyo programu ikitoa amri moja, "katwa", kila jamii hujibu kwa namna yake. Mkaratusi ukikatwa, kisiki huchipua tena. Msindano ukikatwa, kisiki hufa, na kitalu hakina budi kuleta miche mipya. Yaliyo ya miti yote hushikwa na jamii ya Mti, na jamii zilizo chini yake hurithi hayo na kubadili lile tu linalotofautiana.

Hata hivyo, urithi una mtego wake, na wanaoanza wengi hunasa humo. Misindano na misaipresi hutofautiana katika tarakimu za kanuni ya ujazo, lakini tendo la kukadiria ni lile lile. Kuiundia kila aina ya mti jamii yake kwa ajili ya tarakimu chache ni kazi bure. Yatosha tarakimu hizo ziwe sifa za kitu kiitwacho Aina, na jamii mpya iundwe pale tu ambapo mwenendo wenyewe unatofautiana.

Njia hii ilizaliwa katika juhudi za kuigiza mambo ya dunia kwa mashine. Katika miaka ya 1960, mjini Oslo, Norwei, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula, na toleo lake la mwaka 1967 ndilo lililoleta jamii, vitu na urithi. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Nygaard hakuishia kwenye lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa vyuma cha Norwei, akishikilia kwamba watakaoitumia mashine lazima washiriki kuiunda. Jambo hilo la pili lina uzito sawa na la kwanza, kama mfano wa msitu unavyoonyesha.

Mwanafunzi aliyebaki darasani, akiambiwa achore kielelezo cha msitu, huanza na kitu Mti, kwa kuwa msitu ni miti. Mahesabu mafupi yatamstua. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja huwa na miti 1,600, na msitu wa mamia ya hekta utakuwa na mamia ya maelfu ya vitu. Akimwendea bwana miti, ataambiwa kwamba hakuna anayeijua miti mmoja mmoja. Hupimwa viwanja vichache vya sampuli, kisha hukadiriwa kipande kizima. Kwa hiyo vitu vinavyohitajika ni Kipande, Kiwanja na Kipimo. Mti uliokuwa wa kwanza katika mchoro huenda usionekane kabisa isipokuwa ndani ya Kiwanja. Kielelezo si picha ya msitu. Huchagua yale tu yatakayoulizwa.

Bwana miti huyo aweza kuongeza jambo jingine: kipande fulani kiliungua nusu, nusu hiyo ikapandwa upya miaka sita baadaye. Basi "mwaka wa kupandwa" hauwezi kuwa sifa moja ya Kipande; inatakiwa jamii nyingine, Upandaji, na kipande kiwe na upandaji mmoja au zaidi. Habari ya namna hii haipatikani kwa kufikiri sana mezani. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa njia iitwayo uundaji mwepesi. Mnamo Februari 2001 waundaji programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko la kutanguliza watu, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mtumiaji, na utayari wa kubadilika. Kwa vitendo, hutengenezwa sehemu ndogo katika wiki moja au mbili, kwa mfano orodha ya vipande vinavyofaa kupunguzwa miti mwaka huu, kisha huonyeshwa kwa mwenye kazi kabla ya kuendelea. Kila tendo huandikiwa jaribio lenye jibu lililokokotolewa kwa mkono: kiwanja cha hekta 0.04 chenye miti 44 lazima kitoe miti 1,100 kwa hekta.

Wepesi huu si uvivu wa kupanga. Kidukari wa misaipresi aligunduliwa Malawi mwaka 1986, akaonekana Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990. Hakuna mpango wa mwaka 1980 ambao ungemtaja. Kielelezo kilichogawanywa vizuri huongezewa jamii ya Ukaguzi inayohusishwa na Kipande, na mengine hubaki yalivyo.

Mfano mkubwa zaidi uko katika huduma za afya. Mfumo wa DHIS2, ulioandikwa kwa lugha ya Java, lugha ya vitu, na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulitokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, nayo Tanzania huutumia kwa taarifa za MTUHA. Kielelezo chake husimama juu ya mambo matatu: nini kimehesabiwa, wapi, na lini. "Wapi" ni ngazi za vituo: zahanati iko ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa. Ugonjwa mpya ukizuka, huongezwa "nini" mpya bila kuandika programu upya; mwaka 2020 Sri Lanka iliutumia hivyo kufuatilia wasafiri mapema katika janga la UVIKO-19.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kuanza kwa kadi. Njia hiyo ilielezwa na Kent Beck na Ward Cunningham mwaka 1989, ambao baadaye wote wawili walikuwa miongoni mwa wale 17 wa Snowbird. Kila kadi huandikwa jina la jamii, kazi zake, na jamii inazoshirikiana nazo. Wanafunzi hugawiwa kadi, kila mmoja akawa kitu, na mwalimu akauliza: "Kipande cha saba kina miti mingapi kwa hekta?" Mwenye Kipande humwuliza mwenye Kiwanja, naye humwuliza mwenye Kipimo, na jibu hurudi kwa njia ile ile. Mnyororo ukikatika, kuna kazi iliyosahauliwa. Ikiwa mwanafunzi mmoja hujibu kila swali na wenzake wamekaa kimya, kadi yake imebeba kazi za wengine, na hiyo ndiyo ya kugawanywa kwanza.