Makohozi Yasiyokwisha

Kati ya mitaa sita ya mji wa Kisangani, Lubunga peke yake ndiyo iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Huko ndiko ianziako reli ya kwenda Ubundu, yenye urefu wa kilomita 125, na huko hupita magunia ya makaa yatokayo misituni. Kwa hiyo mkaaji wa Lubunga haujui moshi wa jikoni tu. Yuko aliyezoea moshi wa matanuru ya makaa, na yuko aliyezoea moshi wa kukaushia samaki. Mama akikohoa alfajiri mbele ya sufuria ya pondu, nyumba nzima husikia, wala hakuna aulizaye. Husema, “Ni moshi tu.”

Neno hilo latupasa kulichungua. Kuna kikohozi kipitacho, na kuna kikohozi kikaacho. Hiki cha pili, kiletacho makohozi kila asubuhi, ni ugonjwa kamili, na jina lake ni mkamba wa kudumu. Kipimo cha madaktari ni hiki: mtu akikohoa na kutoa makohozi siku nyingi kwa muda wa miezi 3 katika mwaka, na hali hiyo ikamrudia miaka 2 mfululizo, wala usionekane ugonjwa mwingine ulioileta, basi huo ndio mkamba wa kudumu.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba ute wa kifuani ni uchafu. Ni ulinzi. Njia ya hewa huanzia kooni, hugawanyika kuingia mapafu mawili, kisha hugawanyika tena na tena, kadiri ya mara 23, kama mtu apandaye mto mkubwa kutoka baharini akauacha kuingia mito midogo, na kutoka mito midogo kuingia vijito. Kuta za njia hizo zimepakwa ute mwembamba, karibu wote maji, nao hunasa vumbi na vijidudu. Chini yake mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Hivyo hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja, kwa mpango, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja, vikiusukuma ute hadi kooni. Nasi huumeza usiku na mchana pasipo kujua.

Moshi ukiingia kila siku kwa miaka mingi, wapiga makasia hao hulemaa, na wengine hufa. Papo hapo tezi za ute hunenepa na kumwaga ute mzito kupita kiasi. Mzigo umeongezeka, wachukuzi wamepungua! Ute hukaa, huziba vijia vidogo, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana. Ndipo makohozi meupe yageukapo manjano au kijani, na pumzi huwa fupi hata kwa mwendo wa kutoka gatini hadi nyumbani.

Mambo haya hayakujulikana kwanza katika Afrika. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya mji wa London kwa siku tano, na watu maelfu walikufa, wengi wao wakiwa wagonjwa wa kifua tangu zamani. Katika mji huo huo, mwaka 1960, daktari mwanamke Lynne Reid, mzaliwa wa Australia, alitangaza namna ya kupima unene wa tezi za ute katika ukuta wa njia ya hewa. Kipimo hicho chaitwa kwa jina lake hata leo. Na Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Sigara nayo hufanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba mvutaji huilipia fedha.

Lakini si kila makohozi ni ya moshi. Kifua kikuu huanza vivyo hivyo, na Kongo ni katika nchi zenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Mtu aliyekohoa majuma 2 apeleke makohozi yake yapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Hata aliyepona aweza kubaki na njia za hewa zilizopanuka kama vifuko, ambamo makohozi hukusanyika mengi, pengine yenye harufu. Mtu huyu hana tena kifua kikuu, ila jirani humkwepa kama anacho. Twaona jambo hilo ni uonevu.

Mgonjwa afanyeje? Dawa za kuua kikohozi huacha makohozi ndani; asizinywe. Wala asinunue vidonge sokoni kila makohozi yakiongezeka. Daktari ndiye aamue. Ajifunze badala yake namna ya kuyatoa. Aketi wima, apumue polepole. Avute pumzi ndefu mara tatu au nne, kila mara aizuie kidogo. Kisha, mdomo wazi, aisukume hewa kwa nguvu, kama mtu atiaye ukungu kwenye kioo. Makohozi yakifika juu, akohoe mara moja na kuyatema katika kopo lenye kifuniko. Apumzike, arudie, robo saa asubuhi na jioni, si mara baada ya kula.

Kuhusu moshi wenyewe, kuni zikauke, sufuria ifunikwe, jiko liwe chini ya paa lisilo na kuta, na mtoto asibebwe mgongoni motoni. Makaa yana moshi mchache kuliko kuni, lakini hewa yake yaua katika chumba kilichofungwa.

Tena kuna dalili zisizongoja: damu katika makohozi, midomo kugeuka rangi, usingizi usio wa kawaida, au mtu kushindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja. Hospitali za chuo kikuu ziko ng'ambo, na daraja juu ya mto hakuna. Wenye mgonjwa wa namna hii nyumbani na wapatane mapema na mwenye mtumbwi atakayekubali kuamshwa usiku.